Dakika Ishirini na Tano za Ramadhani

Walinzi wa shule za wageni za Dhaka walimjua Lutfunnessa kwa mkono wake. Alikuwa akishuka kwenye bajaji, anavuka barabara bila haraka, anagusa geti la shule kwa kiganja, kisha anatazama saa ya marehemu baba yake na kuandika kwenye daftari. Mlinzi mmoja aliyekuwa mgeni kazini alidhani ni mama wa dua, akamsihi amwombee binti yake apate mchumba mwenye ajira. Lutfa hakumkatalia. Aliinua mikono palepale, akaomba, akasema amina, ndipo akaandika: dakika hamsini na mbili.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kwa miaka kumi na minne alifanya kazi katika kampuni ndogo mtaa wa Gulshan, inayowapokea wageni wanaohamia Dhaka na familia zao. Wenzake walitafuta nyumba, wapishi na madereva. Shule zilikuwa zake yeye. Alikuwa na karatasi moja kubwa yenye shule saba, na mbele ya kila shule safu za maelezo. Upande wa kushoto ni zile alizotaka bosi, Rezwan: ada, mitihani, walimu wanatoka nchi gani. Upande wa kulia ni zake mwenyewe. Mayaya wanasubiri wapi. Watoto wanatoka getini wakikimbia au wakijikokota. Na ya mwisho kabisa, aliyoipigia mstari mara mbili: Njia.

"Apa," Rezwan alikuwa akimwambia, maana kila mtu pale alimwita hivyo, dada mkubwa, hata bosi aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini. "Mgeni ametoka Ulaya, anataka kujua kuhusu maabara. Nani anauliza yaya amekaa wapi?"

"Mama anayemwachia yaya mtoto wake."

"Wanasoma kweli mambo hayo?"

"Wanaanzia hapo, Rezwan Bhai. Wewe huwaoni kwa sababu unaangalia simu." Naye alimwita Bhai, kaka, kwa heshima ya cheo.

Lutfa mwenyewe alimaliza sekondari tu, tena kwa taabu, kwenye shule ya serikali iliyokuwa na paa la bati na madawati ya kukalia wanne wanne. Hakuwahi kuolewa. Waliishi wawili Badda, yeye na mdogo wake Shirin, mshonaji, ambaye alimtania kila siku kwamba mwanamke asiye na mtoto hata mmoja ndiye anayewachagulia shule watoto wa dunia nzima. Lutfa alijibu kwamba ndiyo maana anachagua vizuri, hana wa kumpendelea.

Kwenye Njia hakukubali kubahatisha. Alipima Jumapili, siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi, saa moja kamili asubuhi, kuanzia kwenye bustani ya Baridhara ambako wageni wengi wanapanga nyumba. Alipanda bajaji ya Kuddus, mzee wa makamo mwenye tambuu shavuni na maoni juu ya kila jambo. Lutfa alisema bismillahi, akaandika saa. Hakuandika amefika mpaka mkono uwe umegusa chuma cha geti. Ukiona shule kwa mbali, alisema, bado unaweza kukaa hapo nusu saa ukiitazama.

Mwaka ule, shule kubwa kuliko zote ilihamia jengo jipya Uttara, kule ng'ambo ya uwanja wa ndege. Lutfa aliziita shule kwa majina yake mwenyewe, na hii aliiita Shule ya Bwawa, kwa sababu ya bwawa la kuogelea ambalo Rezwan alilipiga picha kumi na saba. Wageni wote waliiulizia. Basi Lutfa akaenda kuipima, Jumapili ya wiki ya pili ya Ramadhani.

Alikuwa amekula daku, akasali, akajilaza kidogo. Kuddus naye alikuwa amefunga, shavu tupu bila tambuu, na labda ndiyo maana alikuwa na hasira na mguu mzito. Upepo uliwapiga njia nzima. Walipita uwanja wa ndege Lutfa akiwa hata hajamaliza kuvuta uradi.

"Umeona, Apa?" Kuddus alisema wakifika. "Leo nimeruka na ndege."

Lutfa akagusa geti. Dakika ishirini na tano. Aliandika, akamshukuru Mungu kwamba serikali imejenga madaraja yakafaa, akarudi kazini.

Wala yeye wala Kuddus hakuliona kosa. Mtu aliyezaliwa Dhaka anaijua Ramadhani: ofisi zinafungua kwa kuchelewa, shule za kawaida zimefungwa, watu wamelala tena baada ya daku, na asubuhi mji unakuwa mweupe, barabara tupu. Anajua hivyo kiasi kwamba hata hafikirii. Saa imebadilika, chakula kimebadilika, usingizi umebadilika, na yeye yumo humo humo, amebadilika navyo.

Siku chache baadaye wakaja mama na mtoto, raia wa Sri Lanka. Baba alikuwa meneja wa kiwanda cha nguo huko Gazipur, anaondoka alfajiri. Mama aliitwa Dilrukshi, lakini Lutfa alishamwita Mama Senuri hata kabla hajakaa, kwa jina la binti, kama ilivyo ada. Senuri alikuwa na miaka tisa. Alikaa pembeni, kimya, ameshika nusu ya ndimu puani.

"Anaumwa?" Lutfa aliuliza.

"Gari," mama yake akasema. "Tumetoka hapo Baridhara tu, dakika kumi, na tayari."

Akaeleza. Kule Vietnam, walikoishi kabla ya kuja Dhaka, basi la shule lilichukua saa nzima. Senuri alitapika kila asubuhi. Watoto wakaanza kuhama viti alipopanda, kisha wakampa jina, kisha mtoto akakataa shule kabisa. Alikaa nyumbani miezi miwili bila kuzungumza na mtu nje ya nyumba.

"Dada Lutfa, sikutafuti shule bora. Natafuta shule moja. Akianza hii ikamshinda, hataanza nyingine. Namjua mwanangu."

Lutfa akaikunjua ile karatasi mezani, na kidole chake kikaenda moja kwa moja safu ya mwisho. Ya karibu kuliko zote ilikuwa Shule ya Fenesi, nyumba ya kupanga hapo hapo Baridhara, watoto tisini, kiwanja kama mkeka, na mfenesi katikati.

"Mwezi wa Juni," Lutfa akasema, "walimu wanahesabu mafenesi kwanza, ndipo wanahesabu watoto."

Mama Senuri akacheka, akaikata kwa kalamu: ndogo mno. Kidole cha Lutfa kikashuka. "Hii hapa ina bwawa. Dakika ishirini na tano."

Senuri akaiondoa ndimu puani. Ndani ya maji, mama yake alisema, ndipo mahali pekee ambapo hasikii kichefuchefu.

"Ishirini na tano anaweza," mama akasema. "Tukienda polepole. Una hakika, Dada?"

"Nimeligusa geti kwa mkono huu."

Ikapangwa kwamba mtu wa shule ataleta fomu ofisini Jumanne ya wiki ya kwanza baada ya Idi, saa tano, wasaini, nafasi iwe yao. Idi ikaja, nusu ya mji wakaenda vijijini kwao, barabara zikabaki za kuku. Mama Senuri alimwambia mumewe kwamba watu wameusingizia bure mji huu, mbona umetulia.

Jumapili ya wiki ile ya kusaini, watu wamesharudi mjini, Lutfa alimbebea binamu yake mgonjwa wa Uttara bakuli la tambi za maziwa. Kuddus alimchukua saa moja asubuhi. Walipofika Kuril wakasimama. Mbele basi, nyuma lori, kushoto riksho mbili zimenasana magurudumu na wenyewe wanatukanana mama zao. Kuddus akazima injini, akashuka kununua tambuu, akachagua, akabishana bei, akarudi. Bajaji ilikuwa palepale.

"Nimekawia, Apa?"

"Nilishaanza kutafuta dereva mwingine."

"Mwingine naye yuko hapo nyuma yetu, muulize kama ana mbawa."

Lutfa alicheka. Kisha, kwa mazoea tu, akatazama saa. Walikuwa wameshakaa njiani dakika arobaini na bado hawajaiona hata nguzo ya uwanja wa ndege. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Kuddus. Siku tuliyokwenda Shule ya Bwawa ilikuwa lini?"

"Ile niliyoruka na ndege? Ramadhani, Apa. Nilikuwa na njaa, ndiyo..." Akamtazama kwenye kioo. "Nini? Umesahau kitu?"

"Nimesahau akili. Twende mpaka getini."

"Na tambi za mgonjwa?"

"Twende getini, Kuddus."

Alipoligusa geti lilikuwa limeshapata jua. Safari ilikuwa imechukua saa nzima na dakika thelathini na nane. Mlinzi, yule wa dua aliyekuwa amehamia hapo kutoka shule nyingine, akamsalimu kwa furaha, akamwambia yule binti amepata mchumba, dereva wa kreni. Lutfa akasema alhamdulillahi, lakini macho yake yalikuwa kwenye daftari. Binamu alizila zile tambi mchana, zikiwa zimeganda kama sabuni, na aliendelea kulizungumzia jambo hilo kwa miaka.

Alipomweleza ofisini, Rezwan alimsikiliza huku akijibu ujumbe.

"Apa, wote tunakosea. Acha."

"Mtoto anatapika, Rezwan Bhai. Saa tatu na zaidi kwa siku, kwenda na kurudi."

"Atazoea. Watoto wanazoea. Ile shule inatuletea nusu ya wageni wetu, unataka niwaambie nini? Kwamba mama mmoja na bajaji yake wamesema barabara ni mbaya? Nani Dhaka hajui barabara ni mbaya?"

"Yeye hajui. Mimi nimemwambia ni nzuri."

"Basi atajua mwenyewe." Akaweka simu chini, na sauti yake ikawa ya kumbembeleza. "Apa, ukiharibu hili, mimi siwezi kukutetea. Jumanne wanasaini, yamekwisha."

Nyumbani Shirin alikuwa akipasua kitunguu. Alisikia habari yote bila kuinua kichwa.

"Miaka kumi," akasema, "umenisumbua na dakika zako. Hata harusi ya jirani yetu Mina ulichelewa kwa sababu ya dakika zako. Sasa umekosea moja tu, unalia."

"Silii, ni kitunguu chako."

"Kitunguu kiko huku, dada, wewe uko mlangoni." Akafuta mikono. "Kazi ikiondoka, tutakula mishono yangu. Lakini mimi silali nyumba moja na mtu anayegeuka geuka kitandani. Kasali, kesho uende."

Lutfa alisali, akaomba Mungu amwonyeshe la kufanya, ingawa alikwisha kulijua. Jumatatu asubuhi alivaa sari mpya ya Idi ili apate ujasiri, akaenda kugonga kwa Mama Senuri kabla ya saa moja.

Aliyasema akiwa bado mlangoni, amesimama kati ya kandambili za wenye nyumba. "Mama Senuri, nimekosea. Ile ishirini na tano ni ya Ramadhani."

"Barabara si ileile?"

"Barabara ileile. Watu walikuwa wamelala."

Mama Senuri hakuelewa, kisha akaelewa, na uso wake ukabadilika. "Ulisema umeligusa geti."

"Niligusa."

"Nilikuamini kuliko karatasi, Dada. Nilimwambia mtoto habari za bwawa kila usiku. Ameshachagua nguo ya kuogelea."

"Ni kweli. Mungu anisamehe, na wewe ukiweza."

Mama Senuri alitaka kuona kwa macho yake. Lutfa alitaka mtoto abaki, lakini Senuri alikuwa ameshavaa viatu na ndimu iko mkononi. Wakabanana watatu nyuma ya Kuddus. Alijitahidi, maskini, alikwepa mashimo kama mtu aliyebeba mayai. Lakini pale Khilkhet wakaganda, moshi wa basi ukawaingilia ubavuni kupitia wavu wa chuma wa bajaji, na dakika ya hamsini na moja Senuri akageuka ghafla upande wa Lutfa na kutapika yote, juu ya sari ya Idi, kutoka begani mpaka magotini.

Mtoto akajikunja, akafunga macho, kama anayesubiri kusikia lile jina.

"Ahsante," Lutfa akamwambia. "Hii sari dada yangu ndiye aliyeichagua. Rangi yake nimeivumilia toka Idi."

"Apa!" Kuddus akadakia. "Mimi siku ya kwanza nilidhani umevaa pazia."

"Wewe tazama barabara."

"Niitazame ya nini, haiendi popote."

Senuri akafungua jicho moja.

Wakageuza. Mahali pa karibu pa kunawa, baada ya kurudi Baridhara, palikuwa bomba la Shule ya Fenesi, na Lutfa alijulikana pale kama alivyojulikana kwingine kote. Yaya mkubwa, Jorina, alimmwagia maji mtoto bila kushtuka, huku akimtazama Lutfa juu hadi chini.

"Huyu naye ni wa kutapika? Ninao watatu. Wamepona wote."

"Wamepona na nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Senuri. Mama yake, aliyekuwa akitafuta leso kwenye mkoba, akaacha mkono humo humo.

"Wanakuja kwa miguu," Jorina akasema, akampa kipande cha embe bichi lenye chumvi na pilipili. "Tafuna. Usimeze haraka."

Senuri akatafuna, macho yakamtoka machozi ya pilipili. Akautazama mfenesi. "Yanaanguka kweli?"

"Mwaka jana moja lilianguka juu ya pikipiki ya mwalimu wa hesabu. Mwenyewe alikuwa ameshashuka, kwa bahati mbaya."

Senuri akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini kilisikika, na msichana wa dirisha la darasa la nne akachungulia kuona anachekwa nani. Mama Senuri alikaa kwenye benchi la mayaya, lile lililokuwa kivulini, ambalo Lutfa alikuwa ameliandika kwenye safu zake za kulia.

"Hakuna bwawa," akasema mwishowe.

"Hakuna," Lutfa akakubali. "Kuna lile la klabu ya wageni, mtakwenda Ijumaa. Ijumaa barabara ni nyeupe. Hilo nitaapa."

"Usiape tena, Dada," Mama Senuri akasema, na safari hii alikuwa anatabasamu kidogo. "Niambie tu kama darasa la nne wana kiti."

Walikuwa nacho kimoja.

Jumanne saa tano yule mtu wa Shule ya Bwawa alikunywa chai yake ofisini, akarudi na fomu zake. Rezwan hakupiga kelele. Aliifuta safu ya Njia kwenye karatasi, akamhamishia Lutfa kwenye mapazia na wapishi, na kwa miezi miwili Lutfa alipima madirisha ya watu, akasema angalau madirisha hayafungi Ramadhani. Shirin alimshonea sari nyingine, ya rangi mbaya zaidi, makusudi.

Lakini kina mama wa Sri Lanka wana chai yao ya Jumamosi, na Mama Senuri alikuwa na mdomo. Wakaanza kufika mmoja mmoja, wakiomba karatasi ile ya zamani, yenye mayaya na njia, na wakiomba yule mama aliyekuja mwenyewe kusema amekosea. Rezwan alivumilia wageni wanne. Kwa wa tano akamwita Lutfa, akamrudishia karatasi, akasema, huku anaangalia simu, "Na uandike chini lini ulipima."

Aliandika. Mpaka leo maneno hayo yapo chini ya kila karatasi ya kampuni ile: Haikupimwa Ramadhani, wala wiki ya Idi, wala siku ya mgomo.

Lutfa alifariki mwezi wa Shaabani uliopita, moyo, kwenye ngazi za ofisi, daftari likiwa kwapani. Mama Senuri na binti yake walikuja Badda kuhani. Senuri sasa ana miaka kumi na tatu, mrefu kuliko mama yake, na alizungumza na kila mtu mle ndani hadi Shirin akachoka kumjibu. Walikuja kwa gari, na Senuri alikuwa na ndimu.

Shirin alimwonyesha lile daftari la zamani. Kuna ukurasa wenye dakika ishirini na tano, zimekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni Lutfa ameandika astaghfirullah. Mstari wa chini yake una mwandiko wa kitoto. Ni wa siku ile ya kwanza ya shule, Lutfa alipowasindikiza kwa miguu kutoka bustanini akiwa na saa mkononi, na walipofika akasimama, akakataa kunyoosha mkono, akamwambia mtoto aguse yeye.

Fenesi, kwa miguu, dakika sita, imeandikwa. Geti nimeligusa. Senuri.

Msichana aliusoma, akalifunga daftari taratibu, akamrudishia Shirin. Nje Kuddus alikuwa amekaa juu ya bajaji yake akisubiri, ingawa hakuna aliyekuwa amemwita. Mungu amfanyie Lutfa wepesi njia aliyoiendea.